Maharagwe Yake, Mahindi Yangu

Tulipomzika Bosibori huko Magwagwa mwaka jana, wasifu wake ulisomwa na mjukuu wake ambaye ni mwalimu wa sekondari. Ulikuwa wasifu mzuri, umepangwa vizuri, na kijana alisoma kwa sauti iliyofika hadi kwa watu waliosimama nje ya hema. Alitaja kanisa la Sabato alilolitumikia marehemu, akataja watoto na wajukuu, akataja ugonjwa na hospitali. Kuhusu Nyansiongo alisema tu kwamba marehemu na mumewe waliishi huko kwa muda mfupi, kisha wakarudi nyumbani. Nilikuwa nimeketi mstari wa pili pamoja na wazee wengine, na sentensi hiyo ilipita kabla sijamaliza kurekebisha shali yangu. Simlaumu kijana. Angeyajua wapi? Momanyi, mume wa Bosibori, alitangulia kitambo. Ombati, mume wangu na mdogo wake Momanyi, naye ametangulia. Baada ya maziko tulipewa wali na nyama, nami nikala polepole huku nikiwaza kwamba muda mfupi huo ulikuwa mwaka mmoja, tena haukutimia, na kwamba miaka mingi niliyoishi baadaye nimeipima kwa huo. Wa kuusimulia nimebaki mimi peke yangu. Kwa hiyo nausimulia.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Wazungu waliokuwa na mashamba Nyansiongo walikuwa wameondoka, na mashamba yao yakakatwa viwanja wapewe watu wetu. Momanyi na Ombati walichukua kiwanja kimoja kwa pamoja, na bahati ikawaangukia, kama walivyosema siku hizo, kwa sababu kiwanja chao ndicho kilichokuwa na nyumba ya mzungu mwenyewe. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, mke wa miezi michache. Bosibori alikuwa amenitangulia umri na ndoa, ana binti mdogo aitwaye Nyaboke, kwa hiyo nilimwita Mama Nyaboke na yeye akaniita Kwamboka. Tuliingia katika nyumba ile Januari, wakati wa jua kali. Ilikuwa ya mawe, ina sebule yenye mahali pa kukokea moto ukutani, vyumba vya kulala pande mbili za ukumbi mrefu, na jikoni kulikuwa na jiko la chuma zito ambalo mzungu hakuweza kulibeba. Katika chumba cha kuogea kulikuwa na hodhi jeupe ambalo hakuna aliyeoga ndani yake hata siku moja, maana hapakuwa na maji ya kulijaza. Tuliweka mbegu humo, kwa kuwa panya hawakuweza kupanda kuta zake zinazoteleza. Tulilala katika vyumba vyenye dari iliyo juu mno, na asubuhi za mwanzo niliamka nikidhani nimelala kanisani.

Nyuma ya jikoni palikuwa na bustani. Sina hakika kama mke wa mzungu aliitumia kwa mboga au kwa maua, kwa sababu tulikuta vyote viwili vimeota ovyo. Ua mrefu wa miti ya saipresi uliizunguka pande tatu, na katikati ulipita mstari wa mawaridi yaliyozeeka. Waume zetu walikuwa na hekari za kulima huko chini, za mahindi na za kulisha ng'ombe, na hawakujali sana bustani. Wakasema mawaridi ndiyo mpaka, upande wa mashariki wa Bosibori, wa magharibi wangu. Kwa wiki chache za kwanza tulifanya hivyo. Mimi nilikuwa nimesoma kwa masista, na masista walitufundisha kupanda kabichi kwa kamba, mistari iliyonyooka, kabichi na kabichi tu. Nilimwagilia maji niliyoyateka mtoni, zikaota vizuri, halafu vidukari vikazivamia zote kwa pamoja, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kama waliopewa zamu. Upande wa pili Bosibori alikuwa amemwaga mbegu kila mahali kwa jinsi mama yake alivyozoea: malenge, maharagwe, mboga chungu ya chinsaga na sukuma wiki, vyote pamoja. Malenge yakatambaa juu ya kila kitu. Sukuma ikakosa jua, ikasimama na majani ya manjano. Siku moja tulisimama kila mtu upande wake, tukatazama alichovuna mwenzake, na hakuna aliyekuwa na la kujivunia. Yeye ndiye aliyecheka kwanza. Nadhani urafiki wetu ulianzia hapo.

Mvua za Machi zilipokaribia tuling'oa mawaridi, tukayapanda tena kando ya njia, na kulima bustani nzima kama kitu kimoja. Hatukuwa na kitabu wala mtaalamu. Tulijaribu na kubishana, mara nyingi tukiwa tumeinama tusionane nyuso. Bosibori alishikilia kwamba ardhi iliyoachwa wazi inaita magugu, kwa hiyo lazima kila nafasi iwe na kitu. Mimi nilishikilia kwamba kila kitu lazima kiwe na nafasi yake. Tulipanda mahindi katikati, mbegu aliyopewa Ombati, na tukangoja yafike magotini ndipo tukatia maharagwe kando ya kila shina, kwa sababu Bosibori alikuwa ameona huko kwao maharagwe yanayotangulia yakiyavuta mahindi chini. Maharagwe hayo yalikuwa ya kupanda juu, yenye madoa mekundu, na mbegu yake alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Kabichi zangu tulizichanganya na vitunguu, mstari kwa mstari, na safari hii vidukari vilikuja vichache na havikukaa. Kama ni harufu ya vitunguu au ni mvua, sijui. Lakini tulipojaribu kupanda vitunguu karibu na maharagwe, maharagwe yalidumaa, tukavihamisha. Malenge tuliyapeleka mwisho kabisa, karibu na lundo la samadi, ambako yangeweza kutambaa bila kumkosea mtu. Chinsaga tuliipanda kandokando ya njia kwa kuwa huota upesi na huchumwa kabla mimea mikubwa haijahitaji nafasi. Kufikia Mei hungeweza kuona ardhi. Maharagwe yalikuwa yameyakumbatia mahindi hadi kifuani, na tulichuma mboga kila jioni kwa ungo mmoja, tukaipika kwa sufuria moja juu ya lile jiko la chuma, chinsaga iliyotiwa maziwa, na ugali wa wimbi. Waume zetu walikula pamoja sebuleni, wakizungumza habari za ng'ombe, na sisi tukala jikoni na Nyaboke akilala juu ya magunia.

Jambo moja la kueleza hapa ni kwamba ndugu hawa wawili walikuwa wa makanisa mawili. Momanyi alisoma kwa Wasabato, Ombati kwa Wakatoliki, na kila mmoja aliolea katika kanisa lake. Mwanzoni jambo hilo lilitufaa. Jumamosi sisi tulilisha ng'ombe wao, Jumapili wao walilisha wetu, na nyumba haikukosa mtu. Halafu Jumamosi moja mwezi wa Mei ng'ombe wa Ombati, wa gredi, yaani wa kisasa wa maziwa, mwenye mimba, aliingia katika kipande cha lusini, majani ya kulishia mifugo, ambacho mzungu alikiacha, majani yakiwa bado na umande, akala hadi akafura tumbo. Momanyi na Bosibori walikuwa kanisani. Ombati alikuwa amekwenda Keroka tangu alfajiri, na mimi nilikuwa na mimba kubwa, niko ndani. Nilimsikia ng'ombe akikoroma, na nilipofika nje alikuwa amelala upande, miguu imenyooka, amekwisha kufa. Ombati alisema kwamba, kwa kuwa yeye alikuwa na safari, kulinda lango asubuhi hiyo kabla ya saa ya kanisa ilikuwa zamu ya kaka yake. Momanyi alisema kwamba siku iliyotangulia alimwambia mdogo wake, mbele ya zizi, kwamba hatakuwepo, na mdogo wake akaitikia. Ombati alisema hakuambiwa. Hadi leo sijui nani alisema kweli. Nimewahi kufikiri kwamba huenda wote wawili walisema kweli, mmoja alisema na mwingine hakusikia, kwa sababu ndama walikuwa wakilia. Lakini wakati huo hakuna aliyetaka jibu la namna hiyo. Kila mmoja alikuwa amemwita mwenzake mwongo, na neno hilo likishatoka kati ya ndugu halirudi kirahisi.

Juma lililofuata Momanyi alileta mbao. Aliziba ukumbi kutoka sakafuni hadi juu kabisa alikofika kwa ngazi, akaacha uwazi chini ya dari kwa sababu mbao zilikwisha. Sisi tulibaki na jikoni na vyumba vya magharibi. Wao walibaki na sebule na vyumba vya mashariki, wakawa wanapikia mahali pa kukokea moto ukutani, na moshi uliokataa kupanda dohani ukapita katika ule uwazi ukaja kwetu. Sauti nazo zilipita. Kila jioni nilimsikia Momanyi akiombea chakula. Alikuwa mtu wa sala ndefu. Aliwataja mama yake, wajomba, majirani wa pande zote, mzungu aliyeondoka na mahali popote alipo, na katika orodha hiyo yote jina la Ombati hakulitaja. Ombati alikuwa akila akiwa ameinamia sahani. Alijua jina lake lilikuwa likae wapi katika sala ile, na lilipofika mahali pake likarukwa, alikuwa akiacha kutafuna kidogo, kisha akaendelea.

Tulikatazwa kuzungumza. Ombati aliniambia kwa upole, kama anayeniomba niwe mwangalifu na moto, kwamba nisiwe na shughuli na upande wa pili mpaka mambo haya yaishe. Bosibori aliambiwa vivyo hivyo, nilisikia kupitia mbao. Kuhusu bustani, kila mwanamume alimwagiza mkewe alime upande wake wa zamani. Hawakuwa wamefika huko tangu Februari, hivyo hawakujua kwamba pande hazikuwepo tena. Asubuhi iliyofuata tulitoka sote wawili na majembe, tukasimama pale ambapo mawaridi yalikuwa. Kila shina la mahindi lilikuwa langu na kila haragwe lililolipanda lilikuwa lake. Hatukusemezana, kwa kuwa Momanyi alikuwa akichonga mpini karibu na zizi. Bosibori alitazama kwa muda, akaweka jembe begani, akarudi ndani. Nami nikarudi.

Halikuwa jambo tulilopanga. Jumamosi, walipokwenda kanisani, mimi niliingia bustanini nikapalilia yote, pande zote, nikayafungia maharagwe yaliyoanguka, na nilipochuma mboga nilichuma mafungu mawili. Moja nililiweka kwenye dirisha la sebule yao, nje, juu ya jiwe. Jumapili tulipotoka misa, nilikuta sukuma na vitunguu kwenye dirisha langu la jikoni, vimeoshwa, na mashina ya kabichi yamewekewa udongo. Tuliendelea hivyo majuma mengi. Kazi aliyoianza yeye Jumapili niliimalizia mimi Jumamosi. Nilipokuta ameondoa majani ya chini ya mahindi ili maharagwe yapate hewa, nilijua anafikiri ukungu, nami nikaondoa yaliyobaki. Aliponikuta nimeng'oa chinsaga iliyozaa mbegu, alipanda nyingine mahali palepale. Sijawahi kuelewana na mtu namna ile tena, na nimeishi na watu wengi. Waume zetu walikula mboga hizo kila siku bila kuuliza zimetoka upande gani. Sidhani walikuwa wajinga. Nadhani kutouliza kulikuwa kumewafaa.

Uchungu wangu ulinianza Jumapili. Nilikuwa nimebaki nyumbani kwa sababu ya uzito, Ombati amekwenda misa, na mkunga tuliyemtegemea aliishi ng'ambo ya mto. Nilitoka nje nikifikiri kutembea kungenisaidia, nikafika kwenye vitunguu na kushindwa kuendelea. Bosibori alikuwa upande wa malenge. Alinitazama akiwa ameshika jembe, na nikaona akigeuza kichwa kuelekea zizini, ambako Momanyi alikuwa akikata majani. Halafu akaliacha jembe lidondoke.

"Kwamboka, shika shingo yangu," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku za mbao. "Usisukume bado. Twende ndani."

Aliniingiza jikoni kwangu. Momanyi alikuja hadi mlangoni akasimama nje, panga mkononi, na kuuliza kwa sauti ya chini kuna nini. Bosibori hakugeuka. Alimwambia atie moto kwenye jiko, ateke maji, kisha aende akamwite mkunga, na asisimame hapo. Nikamsikia mtu yule, ambaye hakuwa amevuka kizingiti chetu kwa zaidi ya mwezi, akiingia na kupiga magoti mbele ya jiko la chuma na kupuliza. Alipuliza kwa muda mrefu, kuni zilikuwa mbichi. Alileta maji mara kadhaa bila kuniangalia, kama heshima inavyotaka, akatoka mbio kuelekea mtoni. Mkunga alipofika, mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa mikononi mwa Bosibori, mvulana, na amefungwa katika leso ya Nyaboke. Ombati aliporudi misa alimkuta mkunga akinywa chai. Alimchukua mtoto, akamtazama, akauliza ni nani aliyewasha moto, maana hakuniona mimi nikiwa na uwezo huo. Nilimwambia. Jioni ile sala ya Momanyi ilipita juu ya mbao kama kawaida, mama, wajomba, majirani, na ilipofika pale penye jina lililorukwa siku zote, akasema, "Na yule aliyezaliwa leo upande wa pili." Ombati alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani. Nilidhani atainuka na kugonga zile mbao, na nadhani Bosibori kule alidhani hivyo pia. Hakuinuka. Kesho yake waliendelea kama jana.

Mwishoni mwa Juni ilinyesha mvua ya mawe. Watu wa Borabu, upande huo wa Nyansiongo, wanaijua. Huja alasiri, kwanza upepo wa baridi, halafu kelele juu ya mabati kiasi cha kutoweza kumsikia aliye karibu nawe. Ilipokwisha tulitoka, ardhi ikiwa nyeupe. Mahindi ya hekari za chini, ya Momanyi na ya Ombati, yalikuwa yamechanwa na kulazwa, yale ya Momanyi zaidi kwa kuwa kipande chake kilikuwa kwenye mteremko ulio wazi. Bustani ilikuwa imekingwa na saipresi. Majani ya malenge yalitoboka, kabichi za ukingoni zikaharibika, na mahindi kadhaa yalivunjika mbelewele, lakini yalisimama, yamefungwa na maharagwe yale kila shina kwa jirani yake. Sisemi kwamba maharagwe ndiyo yaliyoyaokoa. Ua ndio uliofanya kazi kubwa. Nasema nilichokiona, kwamba hayakuanguka.

Kwa Momanyi mvua ile ilikuwa mwisho. Alikwenda kwenye ofisi ya makazi kuuliza kama kiwanja kinaweza kugawanywa rasmi, kila ndugu awe na chake, akajibiwa kwamba kiwanja hakikatwi; ama wakae pamoja, ama mmoja aondoke. Alirudi akasema, kwa sauti iliyokusudiwa kuvuka mbao, kwamba yeye ndiye mkubwa na yeye ndiye atakayeondoka, kwa sababu mkubwa ana nyumba ya baba ya kurudia huko Magwagwa na mdogo hana pa kwenda. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Alilitoa kwa hasira, lakini ukiliweka chini ulitazame, lilikuwa neno la mtu anayemjali mdogo wake. Ombati alilisikia vizuri. Alitoka nje akaanza kupasua kuni tusizozihitaji.

Siku ya kuondoka walipakia mali yao kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa jirani. Vitu vilipokwisha Momanyi alikuja bustanini na panga. Alimwita Bosibori, akamwambia achukue kilicho chake, asiache kitu. Ombati alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mimi nyuma yake na mtoto mgongoni. Bosibori alimweleza mumewe kwamba maharagwe hayajakauka, na ukiyang'oa sasa hayafai kuliwa wala kupandwa. Momanyi akasema hiyo haidhuru, kilicho chake hakitabaki hapa. Akashika haragwe la karibu akalivuta. Lilikuwa limezunguka hindi tangu chini hadi juu, na hindi likaja nalo, na haragwe la shina la pili lililokuwa limevukia pale likaja pia, na safu nzima ikatikisika. Aliliachilia. Akajaribu kulizungusha kwa vidole, kulitoa pole pole kama mtu anayefungua uzi, na panga amelibana kwapani. Tulimtazama sote. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono mizito, na haragwe lilikatika.

"Wacha, baba Nyaboke," Bosibori alisema. Sikuwahi kumsikia akimpinga mbele ya watu. "Mimi hii siing'oi. Nilipanda na Kwamboka, atavuna Kwamboka. Kama wewe unataka kung'oa, ng'oa, lakini usinitume mimi."

Momanyi alimtazama mkewe, kisha akatazama mlangoni alipokuwa Ombati. Nadhani kama mmoja wao angesema lolote, hata la matusi, mambo yangeisha siku hiyo. Momanyi alilisimamisha lile hindi alilolivuta, akakanyagia udongo kwenye mizizi yake kwa kisigino, akaenda kwenye mkokoteni. Bosibori alipita karibu nami bila kusimama. Alimgusa mtoto kichwani, basi.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa kubwa mno. Ombati hakuzibandua mbao, akasema ataziondoa akipata nafasi. Nililima bustani peke yangu Jumamosi na siku nyingine zote, na nikagundua kwamba nilikuwa nikiangalia dirisha la jikoni kila nikirudi misa. Agosti maharagwe yalikauka. Niliyavuna, nikayapiga, nikayapeta, nikayatia kwenye gunia dogo, na mahindi niliyoyachagua juu yake. Nilimwambia Ombati nakwenda Magwagwa. Sikuomba ruhusa, wala sikumwambia kwa ukali. Nilimwambia kama ninavyomwambia nakwenda mtoni. Aliuliza nitapita wapi. Nikamwambia lori la maziwa hadi Nyamira, kisha kwa miguu. Akasema njia ya huko inateleza mvua ikinyesha, niwe mwangalifu na mtoto. Aliniwekea gunia kichwani yeye mwenyewe.

Nilifika jioni jua likiwa bado juu ya migomba. Momanyi alikuwa uani akifunga ndama. Aliponiona alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, akaja akanitua gunia. Aliingiza mkono, akatoa maharagwe machache yenye madoa mekundu, akayatazama kwenye kiganja, akayarudisha. Bosibori alitoka ndani, akakaa kwenye ngazi ya mlango kwa ghafla, akalia bila sauti. Nilikuwa bado nimesimama. Momanyi alizunguka akamtazama mtoto mgongoni kwangu, kutoka mbali kidogo.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mlimwita nani?"

Nilimwambia tulimwita Makori. Ni jina la baba yao, aliyekufa wakiwa vijana. Ombati ndiye aliyelichagua, asubuhi ile baada ya sala iliyopita juu ya mbao, na hakunieleza kwa nini. Ndama alikuwa akivuta kamba, na Momanyi hakumwangalia.

"Mwambie Ombati nimemwona Makori," alisema.

Nililala kwao, nikala kwao, na Bosibori na mimi tulizungumza mpaka sauti zikatukauka. Niliporudi Nyansiongo nilimpa Ombati ujumbe kama nilivyopewa, bila kuongeza. Alikuwa akinywa uji. Aliweka kikombe chini, akatoka kwenda kwa ng'ombe, akakaa huko muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo. Jumapili iliyofuata hakwenda misa. Alivaa koti lake, akatia chupa ya maziwa mfukoni, akashika njia ya Nyamira. Alirudi Jumanne mchana. Sikumwuliza walizungumza nini, naye hakunieleza. Alikula, akanywa maji, akatazama juu kwenye dari, akasema paa la kaka yake linavuja upande wa chumbani na kwamba atahitaji misumari. Kisha akachukua nyundo, akaenda ukumbini, akaanza kuing'oa kutoka kwenye zile mbao, mmoja mmoja, akiinyoosha juu ya jiwe.